Safari ya bahari mwezi Agosti: anzieni Mtwara, mmalizie Kilwa

SWALI

Nahodha, habari za kazi. Mimi ni mama mstaafu, mkazi wa Shangani hapa Mtwara. Mwanangu anaishi Hamburg, Ujerumani, pamoja na mkewe na watoto wao wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa kumi na miwili. Mwaka jana walipanda meli kubwa ya kitalii wakazunguka bandari za Bahari ya Mediterania, na tangu hapo watoto hawana habari nyingine. Sasa wanataka likizo yao ijayo, ambayo itaanza mwishoni mwa Julai na kwisha mwanzoni mwa Septemba, waje kufanya ziara ya namna hiyo kwetu: washuke Dar es Salaam, waende Kilwa kwa gari, kisha wapande chombo washuke nacho bandari kwa bandari hadi Mtwara, ili safari iishie nyumbani. Wana siku kumi za kukaa baharini. Je, jambo hili linawezekana? Wachukue chombo gani, na wapitie wapi? Na mimi mwenyewe, mwenye presha ya kupanda, naweza kwenda nao?

JIBU

Shikamoo, mama. Linawezekana, na kwa maoni yangu pwani yetu ya kusini inastahili ziara hiyo kuliko wengi wanavyodhani. Lakini mpango kama mlivyoupanga umeelekezwa upande usiofaa. Katika miezi uliyoitaja, chombo kinachotoka Kilwa kuja Mtwara hupambana na upepo na mkondo kwa wakati mmoja. Naomba muugeuze: waje kwanza nyumbani, wapumzike kwako, wapandie chombo Mtwara, na safari iishie Kilwa. Kutoka Kilwa Masoko kuna lami tupu, kupitia Nangurukuru, Lindi na Mingoyo, kwa hiyo wanaweza kurudi kwako ndani ya siku moja. Au wakipenda wanashika njia ya Dar es Salaam moja kwa moja kuwahi ndege yao. Karibu yote nitakayoyasema hapa chini yanategemea uamuzi huo mmoja.

Sababu yenyewe ni hii. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki kwenda magharibi hufikia pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini ya mdomo wa mto Ruvuma, na hapo hugawanyika: sehemu moja huteremka upande wa Msumbiji, na nyingine hupanda kaskazini ikapita mbele ya Mtwara, Lindi, Kilwa na Mafia. Huu wa kwetu haugeuki. Mwaka mzima unakwenda kaskazini, na kinachobadilika ni nguvu yake tu. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, upepo huukabili mkondo na kuupunguza kasi. Wakati wa kusi, tangu Mei hadi Septemba, upepo na mkondo huelekea upande mmoja, na huko nje ya miamba mkondo unaweza kufikia maili nne za baharini kwa saa. Sasa jahazi zuri lenye injini ya wastani huenda maili sita au saba kwa saa. Toa hapo nguvu ya mkondo, ongeza upepo wa uso kwa uso, nawe utaona chombo kinakunywa dizeli tangu asubuhi na rasi ileile bado iko ubavuni. Chombo cha tanga peke yake ndicho kitakachotaabika zaidi, kwa sababu hakina njia ila kupiga bisho, kikienda nje na kurudi ndani, huku abiria wanarowa tangu omo, yaani mbele ya chombo, hadi tezi, nyuma yake. Manahodha wa majahazi waliokuwa wakipakia Mikindani na Lindi hawakulipigania jambo hili: walishuka na kaskazi, wakapanda na kusi. Sioni sababu ya familia yenye watoto wawili kufanya kinyume.

Kuhusu tarehe, kama mwanao ana hiari, achague nusu ya pili ya Agosti badala ya mwisho wa Julai. Juni na Julai ndiyo miezi kusi inapovuma kwa nguvu zake zote, na ndipo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mara kwa mara ile tahadhari tunayoisikia redioni, ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili. Kadiri Septemba inavyokaribia, upepo hulegea. Mvua haitawasumbua, kwa kuwa huku kwetu mvua huisha Aprili au Mei, tena vimbunga havitarajiwi wakati huo: kile kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili, Kenneth ya 2019 ilikuja Aprili, na Hidaya ya 2024 ilikuja mwanzoni mwa Mei. Watoto wafungiwe masweta, maana Agosti ni kipupwe, na usiku juu ya maji baridi huingia mwilini hata kwa mtu aliyetoka Ulaya.

Jambo la pili, ambalo wageni waliozoea Mediterania hawalijui kabisa, ni maji kujaa na kupwa. Kule tofauti ya maji makubwa na madogo katika bandari nyingi haifiki hata nusu mita, ndiyo maana meli inaweza kulala njiani ikaamkia gatini saa yoyote iliyopangwa na kampuni. Kwetu, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Bandari ndogo ambayo jioni ina maji ya kutosha kupitisha jahazi lililosheheni huwa tope na mikoko asubuhi yake. Kwa hiyo ratiba ya safari hii haipangwi kwa tarehe za kalenda ya ukutani pekee. Hupangwa kwa mwezi.

Na hapa pwani yetu ina neema moja ambayo si kila pwani inayo. Saa za bamvua hazitangitangi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja za alfajiri, hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa tena jioni kwenye saa kumi na moja. Wewe mwenyewe unalijua hilo hata kama hukuwahi kuliwaza: ndizo siku ambazo wanawake wa Shangani na Msangamkuu hushuka mwambani asubuhi na vijiti vyao kuchokoa pweza, jua likiwa limeshapanda. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni, tena hayajai sana wala hayapwi sana.

Ukiyaweka hayo pamoja na tabia ya upepo, safari inajipanga yenyewe. Alfajiri ya kipupwe kwa kawaida kuna umande, ule upepo mwepesi utokao nchi kavu, na bahari imetulia. Kusi huanza kukaza kwenye saa nne au saa tano, na alasiri ndipo inapochafua bahari. Chombo kinachong'oa nanga alfajiri katika siku za bamvua hutoka na maji yaliyojaa, hutumia saa za utulivu kusafiri, na hufika bandari inayofuata baada ya saa nane mchana, maji yakiwa yamekwisha kugeuka na kuanza kujaa. Kuingia bandari isiyo na kina wakati maji yanajaa ni salama kuliko wakati wowote mwingine, kwa kuwa hata chombo kikigusa mchanga, maji yenyewe yatakinyanyua. Kikigusa wakati maji yanapwa, watu watakaa hapo mpaka usiku, chombo kimelala upande.

Kwa hiyo ninashauri waondoke Mtwara siku ile ile ya mwezi mpevu au ya mwezi mwandamo, au siku moja kabla. Siku nne au tano za mwanzo, zenye bamvua, zitatumika katika bandari zenye maji haba, yaani Mikindani, Sudi na Lindi. Kila siku maji yatachelewa kwa dakika hamsini hivi, na watakapofika Kilwa, juma moja baadaye, watakutana na maji mafu. Hilo halitawadhuru, kwa kuwa bandari ya Kilwa ina kina; tena litawafaa, kwa sababu nitakazozieleza tukifika huko.

Sasa chombo. Meli ya abiria ya kuunganisha bandari hizi haipo. Zamani zilikuwapo meli za Dar es Salaam na Mtwara, na wengi wetu tulisafiri nazo wakati magari yalikuwa yanakwama Rufiji; lakini Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata, abiria walihamia kwenye mabasi. Meli za kitalii za kimataifa hufika Kilwa mara mojamoja, hutia nanga nje na kuwashusha wageni kwa boti za mpira, lakini hizo zina ratiba zake na hazisimami Sudi wala Kiswere. Kinachobaki ni kukodi chombo chao wenyewe. Wapo watakaowashauri boti ya faiba yenye injini mbili za nje, kwa kuwa inakwenda mbio. Mimi siikubali kwa safari hii: inapiga mawimbi kwa kishindo, haina kivuli cha maana, haina mahali pa kumlaza mtoto aliyechefuka, na injini zake hula petroli ambayo katika vijiji vya njiani utaipata kwa madumu, kama utaipata. Wakodi jahazi au mashua kubwa yenye injini ya dizeli ya ndani, yenye tanga la kusaidia, turubai la kivuli, choo kilichozibwa vizuri, na nafasi ya watu kulala. Tanga si pambo. Upepo ukiwa nyuma, tanga hupunguza mrama, na injini ikizimika chombo bado kinakwenda.

Mwanao asikubali chombo cha mizigo kilichosafishwa kwa ajili yao jana yake. Chombo kiwe na leseni na cheti cha usalama kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, kinachotaja idadi ya abiria kinaoruhusiwa kubeba; jaketi okozi ziwepo kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto kweli, zijaribiwe nchi kavu siku moja kabla; iwepo redio ya VHF inayofanya kazi, kwa kuwa kati ya Lindi na Kilwa kuna mahali simu hazishiki. Halafu nahodha mwenyewe. Simdharau nahodha wa Unguja au wa Bagamoyo, lakini pwani hii ina mafungu na miamba yake, na asiyeizoea lazima amchukue rubani mwenyeji. Njia rahisi ya kumpima ni kumuuliza siku fulani ya mwezi ataingia Sudi saa ngapi, na kwa nini. Anayeijua kazi atakujibu palepale, na pengine atakuuliza wewe chombo kinazama kina gani.

Mkataba uandikwe, useme wazi kama dizeli na chakula cha mabaharia vimo ndani ya bei, na useme siku ambayo bahari imechafuka italipwaje. Hili la mwisho ndilo linaloleta ugomvi mara nyingi. Mwenye chombo asipolipwa siku ya kungoja, atakuwa na haraka ya kuondoka, na haraka ya namna hiyo haifai baharini.

Mtwara kwenyewe sitakaa sana, kwa kuwa unakujua kuliko mimi. Watoto waelezwe tu, wakati chombo kinapita mlangoni mwa bandari kati ya Msemo na Msangamkuu, kwamba wako kwenye moja ya bandari za asili zenye kina kirefu katika pwani hii, na kwamba gati lake la kwanza lilijengwa kwa sababu ya karanga. Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga mwaka 1947, wakajenga reli kutoka hapa hadi Nachingwea, mpango ukaanguka, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, gati likabaki. Leo hupakiwa korosho na makaa ya mawe. Gati si mahali pa kupandia chombo cha kitalii. Wapandie upande wa feri. Na wasishawishike kushuka kwanza kusini kuelekea Msimbati na mdomo wa Ruvuma kwa bahari. Ni kwenda kinyume cha upepo, tena ni karibu na mpaka wa Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, ambako usalama umekuwa mbaya tangu 2017. Msimbati waende kwa gari, waogelee, warudi.

Mikindani ni mwendo wa saa moja au mbili, na ningependa walale huko usiku wa kwanza, hata kama kwa barabara ni jirani tu. Hatua fupi huwazoeza watoto chombo, na nahodha hupata nafasi ya kugundua kilichosahauliwa wakati duka bado liko karibu. Zaidi ya hapo, Mikindani ukiiingia kwa bahari ni mji mwingine kabisa kuliko ule unaouona kupitia dirisha la basi. Kutoka ghubani kuna mlango mwembamba wenye mikoko pande zote, na chombo hupunguza mwendo hadi wa mtu kutembea. Baharia mmoja husimama omo na upondo, akiuzamisha na kuutoa, akiita kina cha maji kwa sauti, na nahodha humjibu kwa usukani bila kusema neno. Kisha hori linafunguka, na mji wote uko mbele: nyumba za mawe zenye roshani, mapaa ya mabati yaliyoshika kutu, na juu yake, kwenye mwinuko, boma jeupe lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Kutoka mji huu ndipo David Livingstone alipoanzia, mwaka 1866, safari yake ya mwisho ya kuingia bara, ambayo hakurudi. Kwa karne nyingi maji haya yalitosha. Vyombo vilipokuwa vya mbao, hori dogo lenye utulivu lilikuwa mali. Meli za chuma zilipokua, Mtwara yenye kina ikachukua kazi, na Mikindani ikabaki na milango yake ya nakshi. Waipitie kwa miguu jioni, jua likipungua, na wasipige picha za watu barazani bila kuwaomba.

Sudi ni hori jingine la mikoko, tulivu sana, bora kwa kulala ndani ya chombo. Hakuna mengi ya kutazama zaidi ya wavuvi na ndege, na bahari ikiwazuia siku moja Mikindani, Sudi ndiyo hatua ya kuiacha. Njiani kati ya Mikindani na Lindi wakae macho: kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wenye nundu hupita katika pwani hii wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa. Wakimwona, nahodha apunguze mwendo na akae mbali, asimkimbize wala asimkatie njia, hasa akiwa na ndama. Asubuhi, kabla upepo haujachafua maji, pumzi yake huonekana kutoka mbali.

Kutoka Mtwara hadi Lindi, kwa njia ya bahari, si zaidi sana ya maili 35, lakini mdomo wa ghuba ya Lindi unataka adabu. Ghuba imefunguka kuelekea bahari kuu, na mto Lukuledi unamwaga maji yake ndani. Siku za bamvua, maji yanapopwa kwa nguvu yakakutana na mawimbi ya kusi yanayoingia, pale mdomoni huinuka mawimbi mafupi yaliyosimama, mabaya kwa chombo kidogo. Dawa yake ni ileile: kuingia maji yakijaa, na kutoka alfajiri maji yakiwa yamejaa na kutulia, kabla hayajaanza kukimbia.

Lindi wakae siku mbili. Nina sababu ya pekee kwa watoto hawa. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji, na mifupa hiyo, zaidi ya tani 200, ilibebwa na watu, mzigo kwa mzigo, kwa mwendo wa siku nne kwa miguu hadi bandari hii, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13, na watoto wengi wa Kijerumani hupelekwa na shule kumtazama. Kama hawa wa kwako wamemwona, wasimame kwenye ufukwe wa Lindi waelezwe kwamba alipitia hapa, na kwamba waliombeba walikuwa watu wa huku, ambao majina yao hayakuandikwa chini ya mifupa ile. Kama hawajamwona, watakuwa na la kufanya wakirudi. Tendaguru penyewe sipendekezi kwa safari fupi, kwa kuwa barabara ni ya taabu na aliyefika haoni mifupa. Wavuke badala yake na kivuko kwenda Kitunda, watembee kijijini, wale ming'oko ya kuchemsha kwa pilipili kama inapatikana. Na siku ya pili, maji yakijaa, waingie na mashua ndogo ndani ya Lukuledi, kati ya mikoko na mashamba ya chumvi.

Baada ya Lindi kuna hatua ndefu. Hadi Kilwa ni maili 70 hivi, na ingawa mkondo utawasaidia, sikubali zisafiriwe kwa siku moja na watoto, kwa kuwa kuchelewa kidogo tu kutawafikisha katika miamba ya Kilwa gizani. Kati yake iko ghuba ya Kiswere, karibu katikati kabisa, yenye maji ya kutosha na kinga nzuri, ambamo chombo kinaweza kuingia hata saa za maji kupwa. Mchinga, iliyo karibu zaidi na Lindi, iwe kimbilio iwapo upepo utakaza mapema. Katika vijiji hivi hakuna hoteli. Walale chomboni, na nahodha ashuke kwanza kumwona mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa BMU, kile kikundi cha kijiji kinachosimamia ufukwe na uvuvi, aeleze ni akina nani na wanakwenda wapi. Ni utaratibu, na ni heshima. Tena ndio watu watakaowatafuta kwanza kukitokea shida. Samaki wa jioni wanunue hapohapo, bei wapatane bila kukaza sana.

Kilwa ina mtego mmoja wa ratiba. Chombo kinachotoka kusini hukutana na kisiwa cha Songo Mnara kabla ya Kilwa Kisiwani, na nahodha asiye na habari atataka kushusha watu hapo, amalize. Vibali vya kutembelea magofu hutolewa Kilwa Masoko. Wapite, watie nanga Masoko, walipe, wapate mwongoza wageni, kisha warudi. Ndipo maji mafu niliyoyataja yanapowafaa: katikati ya asubuhi maji yatakuwa yamejaa, na mashua itaweza kuwafikisha karibu na ufukwe wa Songo Mnara, wakati ambapo siku za bamvua, saa hizo hizo, wangetembea kwenye tope la mikoko viatu mkononi. Watoke Masoko mapema, na kurudi wasichelewe, kwa kuwa upepo wa alasiri bado upo.

Kilwa Kisiwani wapewe siku nzima. Visiwa hivi viwili viliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, viliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyaimarisha magofu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331, mji ukiwa unatajirika kwa dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala, Msumbiji, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman ndiye aliyekuwa akitawala. Watu wengi hukimbilia Gereza, ile ngome ya kale, kwa kuwa linaonekana kutoka majini, wakachoka kabla ya kufika Husuni Kubwa. Mimi ningewaanzisha Msikiti Mkuu, ndani ya kuba zake, asubuhi, halafu niwapeleke Husuni Kubwa ambako jumba la sultani limejengwa ukingoni mwa mwamba, bwawa lake la pembe nane likiwa bado linaonekana, na chini yake njia ile ile ya vyombo waliyoingilia wao jana. Gereza liwe la mwisho, kwa kuwa liko karibu na mahali pa kupandia mashua. Mavazi yawe ya staha, kwa kuwa watu wanaishi kisiwani. Kilwa Kivinje wende kwa gari. Ufukwe wake ni mpana na maji hukimbia mbali, kwa hiyo chombo hakifai.

Pengine mwanao atataka kuendelea hadi Mafia, kwa kuwa amesoma habari za papa potwe. Mwambie papa potwe huonekana Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi, si Agosti. Waishie Kilwa, na siku moja itakayobaki iwe akiba ya upepo. Nahodha akisema leo haendi, wasibishane naye.

Nimalizie na suala lako, mama. Presha peke yake haikuzuii kupanda chombo, lakini sitaki uwe mbali na hospitali kwa siku kumi, wala sitaki uruke kutoka mashuani kwenda jahazini mawimbi yakicheza. Mwone daktari wako kwanza. Akikuruhusu, nenda nao hatua ya Mtwara hadi Mikindani, ambayo ni fupi na yenye kinga, dawa zako zikiwa kwenye mkoba wa kuning'iniza shingoni na si ndani ya begi lililofungiwa ngamani. Kunywa maji hata kama unaona haya kwenda choo cha chombo, kwa kuwa jua na upepo hukausha mwili. Baada ya hapo rudi nyumbani, na siku yao ya kuingia Lindi panda basi la asubuhi ukawapokee. Utafika mapema kuliko wao, kwa hiyo tafuta kivuli na chakula, wala usimpigie nahodha simu ya kumhimiza saa sita mchana, kwa kuwa kama anafuata niliyoyaandika hapa, atakuwa nje ya ghuba akingoja maji yageuke.